Jino Halisuuzwi

Nimefua nguo za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na kama kuna jambo moja ninalolijua kuliko yote, ni kusuuza. Kufua kila mtu anafua. Kusuuza ndiko kunakomtenga dobi na mtu anayelowesha nguo tu. Kwenye nyumba ya wageni nilikofanya kazi, msimamizi wetu wa kwanza alitufundisha maji matatu: ya kwanza yanatoa povu, ya pili yanatoa utelezi, ya tatu yanatoa harufu. Ukiishia maji mawili, shuka inakauka ngumu kama kadibodi na mgeni anajikuna mpaka asubuhi. Mama yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini mikono yetu ilipochubuka kwa sabuni, tulikuta mafuta ya mgando yamewekwa dirishani, na hakuna aliyesema yametoka kwa nani. Sisi tulijua.

Basi mjukuu wangu alipoletwa kukaa nasi, akiwa na miaka mitano, nilimfundisha kupiga mswaki kwa sheria hiyo hiyo. Sugua, tema, halafu maji matatu. Alisimama juu ya kigoda mbele ya sinki, mimi nyuma yake na kikombe cha bati, nahesabu. Moja, anasukutua, anatema. Mbili. Tatu. Kisha anapanua kinywa nami nanusa, kama nilivyokuwa nikinusa foronya kabla ya kuikunja. Kikinukia bado, maji ya nne.

Mjukuu huyu namwita Mke Mwenza. Tangu siku aliyofika alimng'ang'ania babu yake, na mimi nikikaa karibu na mzee kwenye kochi, analia mpaka niondoke. Nikasema haya, mke mdogo ameingia, mimi wa zamani nirudi jikoni. Naye hujibu bila haya, "Ndiyo, wewe umeshazeeka." Mama yake, binti yangu, anashona kwenye kiwanda cha nguo mji mwingine, saa sita kwa basi. Anakuja kila mwisho wa mwezi, siku mbili, anaondoka.

Alipofika miaka minane, watu wa afya ya kinywa walipita shuleni kwao. Akarudi na karatasi. Nilivaa miwani nikaisoma mara mbili: *Madoa meupe, meno mawili ya mbele, juu. Afikishwe kliniki ya meno.*

"Madoa meupe?" akauliza babu yake kutoka kwenye kiti chake. Yeye meno yake yote ni ya bandia, yanalala kwenye glasi, kwa hiyo habari za meno anazisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za bei ya petroli ilhali hana gari. "Jino ni jeupe, doa ni jeupe. Hilo si doa, huo ni usafi umezidi."

Nilimpeleka mtoto dirishani kwenye mwanga. Meno yale mawili yalikuwa ya ukubwani, yameota mwaka uliopita tu, bado yanaonekana makubwa kuliko uso wake. Karibu na ufizi, kwenye kila jino, palikuwa na mchirizi mweupe usiong'aa, kama chokaa iliyokauka ukutani.

Nikafanya anachofanya dobi akiona doa. Nikasugua. Nilinunua mswaki wa nyuzi ngumu, nikachukua magadi soda kidogo, nikasugua asubuhi na jioni kwa siku nne kama nasugua kola ya shati la fundi gereji. Siku ya nne alitema mate yenye damu.

"Bibi," akasema taratibu, hata hakulalamika, "ni doa ndilo linalouma au ni wewe?"

Niliuweka ule mswaki chini. Kesho yake asubuhi tukaenda kliniki.

Sikuwa nimechelewa kwa uvivu. Nilikuwa naogopa, na ni vizuri niseme niliogopa nini. Binti yangu, mama wa mtoto huyu, alipokuwa na miaka tisa alioza meno mawili. Tulichelewa, ikabidi yang'olewe. Wakati huo ganzi ilikuwa haba, na aliyeng'oa aliniambia, "Mama, mshike mikono." Nilimshika. Mikono yangu ilikuwa ya kukamua mablanketi, na mtoto alikuwa na mikono kama vijiti vya kiberiti. Hakupiga kelele. Alinitazama tu. Nimesahau mambo mengi maishani lakini yale macho nipo nayo. Kwa hiyo tulipokuwa tunatembea kwenda kliniki, Mke Mwenza anarukaruka mbele yangu asikanyage mistari ya lami, mimi nilikuwa naomba jambo moja: nisiambiwe tena nimshike mtoto mikono.

Chumba cha daktari wa meno kilikuwa kidogo, kisafi, kina kiti kirefu kinachopanda na kushuka na taa kama ua kubwa. Nilitazama kwanza kitambaa kilichofunika kiti. Kilikuwa kimesuuzwa vizuri. Moyo ukatulia kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, angeweza kuwa mdogo wake binti yangu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Na huyu mzuri?"

"Huyu ni mke mwenzangu."

"Ahaa," akasema daktari bila kushangaa, "basi leo tumtengeneze meno ili akuzidi vizuri." Mtoto akacheka, na wakati anacheka alikuwa ameshapandishwa kwenye kiti bila kujua. Nikaona. Ni ustadi huo.

Alimpulizia hewa kwenye meno mpaka yakakauka. Madoa yakajitokeza zaidi, meupe pe. Akayagusa kwa kijiti butu, akaangalia na ufizi uliochubuka. Alijua. Mtu anayeangalia vinywa kutwa hawezi kukosa kujua. Lakini alisema tu, "Ufizi huu utapona kwa siku tatu, msiuguse kwa nguvu," akanisogezea kiti nikae.

"Bibi, kazi yako ilikuwa gani?"

"Dobi."

"Basi utanielewa upesi. Doa hili si kitu kilichoingia kwenye jino. Ni kitu kilichotoka."

Nililipima neno hilo. Kisha nikasema, "Kama tone la dawa ya kung'arishia likidondokea shati la buluu."

"Vipi?"

"Panabaki peupe. Asiyejua anasugua. Kumbe hakuna cha kusugua, rangi yenyewe imeondoka."

Daktari aliweka kioo chake chini. "Bibi, mfano huo nitauiba. Nitawaambia watu wote."

"Uibe. Lakini shati la namna hiyo halirudi, mwanangu. Mimi nilikuwa nawaambia wateja ukweli."

"Jino linarudi," akasema. "Likiwahiwa."

Akanieleza polepole, bila kunisemesha kama mtoto. Jino kwa nje lina ganda gumu la madini. Mtu akila vitu vitamu, vijidudu vya kinywani navyo vinakula, vinatoa asidi, asidi inayanyonya yale madini kidogo kidogo. Baadaye mate yanayarudisha. Ikiwa kinachotoka kinazidi kinachorudi, panakuwa na sehemu dhaifu kama chaki, ndiyo doa jeupe. Hapo bado hakuna tundu. Na kwenye dawa ya meno nzuri kuna kitu kinaitwa floraidi; hicho kinayashika madini ya kwenye mate na kuyasaidia yakae pale yalipotoka, tena yakikaa yanakuwa magumu kuliko ya mwanzo. Kuna dawa nyingine, alisema, zinatengenezwa kwa madini ya aina ile ile ya jino, nazo zinasaidia, lakini yeye anaanza na floraidi kwa sababu ndiyo imechunguzwa kwa miaka mingi na ndiyo inayopatikana madukani.

"Na likitoboka?"

"Likishatoboka, hakuna dawa ya kupaka itakayolirudisha. Hapo tutachimba na kuziba." Aliona jinsi nilivyoliitikia neno kuchimba, akalainisha sauti. "Lakini hatujafika huko. Nipe miezi minne. Sasa wewe mke mdogo, nionyeshe mnavyopiga mswaki nyumbani."

Mke Mwenza alipewa mswaki mpya na dawa kidogo. Alisugua vizuri sana, mbele na nyuma, nikajiona. Akatema. Kisha akajaza kikombe na kuhesabu kwa sauti ya darasani: "Maji ya kwanza! Maji ya pili! Maji ya tatu!" Akageuka akanipanulia kinywa ninuse.

Daktari aliinua tyubu yake ya dawa. "Bibi," akasema, "hiki kitu kilichomo kwenye tyubu mnakiitaje?"

"Dawa ya meno."

"Si sabuni ya meno?"

"Hapana. Dawa."

"Umewahi kumpaka mtu dawa kwenye kidonda, halafu hapo hapo ukaiosha kwa maji matatu?"

 Miaka yote hiyo nimesema dawa ya meno, dawa ya meno, dukani, nyumbani, sijawahi kulisikia neno lenyewe. Mdomoni mwangu ilikuwa dawa, kichwani mwangu ilikuwa sabuni, na sabuni ikibaki kwenye nguo, dobi hajafanya kazi yake. Mtoto wa watu nilikuwa namtia dawa na kuitoa, namtia na kuitoa, mara mbili kwa siku, miaka mitatu, na kujisifu.

"Ateme tu," akasema daktari. "Asisukutue. Asile wala kunywa kwa nusu saa. Ile kidogo inayobaki ndiyo inayofanya kazi."

Nikatoa kwenye mkoba tyubu yetu ya nyumbani, nikampa. Ilikuwa na picha ya stroberi inayotabasamu. Akaigeuza, na pale mbele, kwa herufi kubwa za kijani, paliandikwa HAINA FLORAIDI.

"Niliinunua kwa ajili ya maneno hayo," nikamwambia. Nilitaka aijue aibu yote kwa mara moja. "Nilidhani wanaisifu. Kama wanavyoandika haina mafuta, haina sumu."

"Na wao wameiandika kama sifa," akasema. "Si kosa lako, Bibi. Mtu anaamini kilichoandikwa kikubwa." Akampaka mtoto kitu cha kunata kwenye yale meno kwa brashi ndogo, akaniandikia kwenye karatasi: *floraidi, 1,000 hadi 1,500, tafuta nyuma ya boksi, maandishi madogo. Kiasi cha punje ya njegere. Mtu mzima ndiye aweke. Asimeze.* Alipiga mstari chini ya neno *nyuma*.

Maandishi madogo yalikuwa madogo kweli. Dukani nilisimama mbele ya rafu na miwani yangu, naona mchwa tu. Nyuma yangu, kwenye foleni ya kulipia, palikuwa na mama mmoja, mtoto mchanga mgongoni, kapu mkononi. Akauliza natafuta nini. Nikampa karatasi. Alitoka kwenye foleni, akaweka kapu chini, akasoma boksi moja baada ya jingine, saba, anatingisha mgongo ili mtoto asiamke. La nane akasema, "Hii hapa, mama. Elfu moja mia nne hamsini." Alipogeuka, foleni ilikuwa imeziba nafasi yake. Akaenda kusimama mwisho, wala hakugeuza uso kuona kama nimeona.

Jioni ile tulisimama kwenye sinki, wote wawili tukiwa kama wageni. Mke Mwenza akasugua, akatema, mkono ukaenda kwenye kikombe. Nami mkono wangu ulikuwa umeshakishika.

"Hatusukutui," nikasema.

"Bibi, mdomo unateleza."

"Uache uteleze."

"Una povu."

"Tema tena."

Alitema mara saba. "Nimeze?"

"Usimeze! Hii ni dawa ya kupaka, si ya kumeza."

Akafikiri. "Dawa ya kupaka nje, mbona iko ndani?"

"Mwulize daktari."

"Wewe hujui," akasema, akaenda kumwambia babu yake kwamba mke mkubwa hajui.

Mazoea yana taabu. Wiki nzima mkono wangu uliinuka wenyewe. Mwishowe nilikichukua kile kikombe cha bati nikakipeleka uani, nikakitia vibanio vya nguo, ili mkono ukiinuka ukose cha kushika.

Mwisho wa mwezi binti yangu akaja. Asubuhi ya kwanza alimsimamia mwanawe kupiga mswaki, mimi nakunja nguo chumba cha pili. Nikasikia, "Rudi hapa! Hujasukutua." Kisha maji ya bomba.

Nilikwenda mbio kama miguu yangu inavyoweza. "Mwache. Hasukutui."

"Mama, povu lote hilo linabaki kinywani? Huo si uchafu?"

"Ni dawa. Ndiyo inatengeneza jino."

"Wewe ndiye uliyenifundisha maji matatu! Mpaka leo wenzangu kiwandani wananicheka, wanasema huyu anasukutua kama anafua."

"Nilikosea."

Alifunga bomba. "Umesema nini?"

"Nimesema nilikosea."

"Ngoja kwanza nikae," akasema, akakaa kweli kwenye ukingo wa beseni. "Mke Mwenza, umesikia? Bibi yako amekosea. Andika tarehe." Mtoto akacheka na povu lake, akatoroka kwenda kwa babu.

Tulibaki wawili. Nikamweleza yote, floraidi, madini, doa lililo kama tone la dawa ya kung'arishia. Alisikiliza huku anakwangua ukucha. Kisha nikasema nililokuwa sijalisema kwa miaka ishirini na mitatu. "Yale meno yako. Pengine nayo yalianza hivi, yangewahiwa. Sikujua. Na siku ile nilikushika mikono."

"Ulinishika?"

"Hukumbuki?"

"Nakumbuka kiti. Nakumbuka yule bwana alikuwa na nywele masikioni." Akatabasamu. "Nakumbuka ulinipa foronya ya kazini, nyeupe, mpya, nitemee damu. Nikasema Mama, nitaiharibu, watakufukuza. Ukasema tema, damu inatoka." Akanitazama. "Ilitoka?"

"Ilitoka. Maji baridi na chumvi."

"Basi," akasema, akainuka na kupiga pasi nguo zake za safari. Lakini kabla ya kuondoka kesho yake alipiga mswaki, nikamsikia anatema, nikasubiri maji. Hakufungua bomba.

Mwezi wa pili niligundua kwamba nina mpinzani nyumbani. Dobi hafui shati kabla ya kukagua mifuko. Nimewahi kukuta pete, nimewahi kukuta barua ya kuachana. Siku hiyo, kwenye mfuko wa shati la babu, nilikuta karatasi za pipi kumi na moja.

Nilizipanga mezani mbele yake. "Mzee, hizi ni nini?"

"Karatasi."

"Za nini?"

Akazitazama kwa makini kama mtu anayesoma mkataba. "Za kumbukumbu."

Ikajulikana kwamba kila siku alipokwenda kumchukua mtoto shuleni, walikuwa wanapita kibandani, pipi moja ya kunyonya njia nzima. Dakika ishirini za kutembea, pipi shavuni.

"Ni moja tu," akasema.

"Daktari alisema si wingi, ni mara ngapi na kwa muda gani. Kila pipi ni asidi nyingine. Mimi natia dawa asubuhi na jioni, wewe katikati unaitoa."

"Akikosa ananuna. Siwezi kutembea na mtu aliyenuna, mimi moyo wangu mbovu."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Najua methali," akasema kwa unyonge.  "Mimi sina meno, mama. Mtu asiye na meno anasahau kwamba wenzake wanayo." Akatia mkono mfuko wa suruali, akatoa pipi tatu, akaziweka mezani moja moja, kama polisi wamemkamata. Ya tatu ilichelewa kidogo.

Sikumwambia la kufanya. Alitafuta mwenyewe. Kuanzia kesho yake, mtoto akitoka shuleni, anavalishwa saa ya mkononi ya babu yake, inayomfikia karibu na kiwiko, naye anatembea ameinyanyua mbele yake na kuwatangazia watu muda. Pipi ikabaki ya Jumapili, baada ya chakula, na kwisha. Jirani yetu mshona viatu akaniambia, "Mjukuu wako siku hizi ni redio. Tunajua saa bila kuwasha."

Miezi minne ikatimia. Safari hii binti yangu hakupata ruhusa, akasema nimpigie simu tukitoka tu, hata akiwa kwenye cherehani. Babu alikuja nasi, akabaki nje kwenye benchi, akisema chumba kile kinamkumbusha meno yake yalikoishia.

Mke Mwenza alipanda kitini mwenyewe. Daktari akawasha taa, akapuliza hewa. Mimi nilisimama nimeukumbatia mkoba wangu, sikuombwa kushika kitu kingine chochote. Kliniki ilikuwa kimya, inasikika hewa tu, fsss, fsss.

"Hili la kushoto," akasema daktari, "njoo uone, Bibi."

Niliinama. Mchirizi haukuwepo. Nilivua miwani, nikaipangusa, nikavaa tena. Jino lilikuwa linang'aa kutoka juu mpaka chini kama kigae kilichooshwa.

"Na la kulia?"

 Akapuliza tena. Doa lilikuwepo. Lilikuwa dogo kuliko zamani, lakini lilikuwepo, jeupe, pale pale.  Nikajiandaa kulisikia lile neno, kuchimba, nikaanza kutafuta kwa macho mahali nitakaposimama.

Daktari akachukua kile kijiti butu, akakitelezesha juu ya doa polepole, kwenda na kurudi. Kisha akanishika mkono, akanipa kijiti. "Taratibu. Sikia mwenyewe."

Mimi vidole vyangu havijui kusoma sana, lakini vinajua nyuso za vitu: pamba, kitani, shuka iliyopitwa na pasi na ambayo haijapitwa. Nilitelezesha. Palikuwa pagumu, laini kama kioo. Kijiti hakikukwama popote.

"Mara ya kwanza palikuwa pakavu kama chaki," akasema. "Sasa pamejaa. Madini yamerudi. Jino hili ni zima, Bibi. Sichimbi kitu."

"Na doa?"

"Doa pengine litabaki. Linaweza kufifia, linaweza lisififie. Ni alama tu, kama kovu. Chini yake ni pagumu."

Jambo hilo lilinipa shida, sitaficha. Kwa miaka thelathini na mmoja sijamrudishia mtu nguo yake ina doa nikamwambia imetakata. Kulikuwa na shati moja la bwana harusi nililolifua mara tisa. Nililitazama lile doa kwenye jino la mtoto wangu, mikono ikaniwasha.

"Wewe una doa kwenye mkono," Mke Mwenza akaniambia kutoka kitini, kwa kuwa nilikuwa nimeinama karibu yake. Ni kweli, nina baka la pasi, la tangu nina miaka ishirini. "Linauma?"

"Haliumi."

"Basi." Akamgeukia daktari. "Sasa naweza kusukutua?"

"Hapana."

"Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu."

"Hata nikiolewa?"

"Ukiolewa njoo kwanza nikuangalie," daktari akasema, akampaka tena ile dawa ya brashi, akamshusha. Mimi nikamshukuru. Nilitaka kumwambia maneno mengi, nikaishia kumwambia kwamba kitambaa chake cha kiti kinafuliwa na mtu anayejua kazi. Akacheka, akasema anakifua mwenyewe.

Nje babu alisimama aliponiona, kofia mkononi, hakuuliza. Nilimtikisia kichwa kwamba ni heri, akakaa tena kwa kishindo. Nikampigia binti yangu pale pale kwenye ngazi. Nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma kama mvua kwenye bati, ikabidi tupige kelele wote wawili.

"Madoa yametoka?"

"Moja limetoka! Jingine limebaki!"

"Limebaki?" Sauti yake ikashuka. "Watachimba?"

"Hawachimbi! Doa limebaki lakini jino ni zima! Nimeligusa kwa mkono wangu! Ni gumu!"

 Kisha nikamsikia anaiondoa simu mdomoni na kuwaambia wenzake, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya barabara, "Hawachimbi! Jino la mwanangu ni zima!"

Cherehani zikaanza kunyamaza, moja, nyingine, nyingine, mpaka kukawa kimya kabisa huko kwao. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akadakia, na mwingine.

Mke Mwenza akaninyang'anya simu, akaisikiliza na macho yamemtoka.

"Mama," akauliza, "nani anaolewa?"